Gia, Mizunguko na Petroli: Somo la Njia ya Bugarama



Mhariri wa sehemu hii ya Kiswahili aliniomba niandike somo la fizikia litakalomfaa hata mtu aliyekwisha kusahau fizikia yake. Nimechagua habari za gia za pikipiki kwa sababu mbili. Ya kwanza, wengi wetu hapa Bujumbura tunakula, tunavaa na kusoma kwa fedha zinazoletwa na pikipiki. Ya pili, mimi mwenyewe nilikosea hesabu ya jambo hili, na kosa langu lililipiwa na mtu mwingine. Heri nilieleze waziwazi, ili mwenzangu asirudie.

1. Kisa chenyewe

Mjomba wangu anakaa Buyenzi, naye ni dereva wa teksi ya pikipiki. Ndiye anilipiaye ada ya shule. Mwezi wa Machi 2022 teksi za pikipiki, za baisikeli na za magurudumu matatu zilikatazwa kuingia katikati ya jiji, basi tangu hapo safari zake zikawa za pembezoni: mara Kamenge, mara Gatumba, na akipata abiria wa mbali, hupanda milima mpaka Bugarama. Tena ikaja shida ya petroli. Nani asiyekumbuka foleni za mwaka 2024, magari yakilala mbele ya vituo siku baada ya siku? Kwa mtu kama mjomba, lita moja si lita tena, ni chakula cha watoto.

Siku moja fundi mmoja alimshauri hivi: "Ondoa gurudumu la meno la mbele lenye meno 14, nikutilie lenye meno 15. Injini itazunguka polepole, na petroli itakaa." Mjomba akanigeukia mimi, kwa kuwa nilikuwa nyumbani likizoni.

"Mpwa wangu, wewe unasoma. Je, maneno haya ni kweli?"

Nikachukua kalamu. Nikaona kwamba kutoka 14 hadi 15 mizunguko ya injini itapungua kwa sehemu moja katika kumi na tano. Nikamwambia kwa kujiamini kabisa: "Ndiyo, mjomba. Katika kila lita kumi na tano utaokoa lita moja." Akafurahi, akanisifu mbele ya majirani. Mgema akisifiwa, ninyi mwajua hulitia tembo nini.

Wiki ile ile alipata abiria wa Bugarama. Alirudi usiku, pikipiki ikinuka kama kitambaa kilichoungua. Klachi ilikuwa imekwisha, na petroli aliyotumia ilikuwa nyingi kuliko siku zote. Fedha za klachi mpya zilitoka katika bahasha iliyoandikwa jina langu. Ndiyo sababu muhula ule nilirudi shuleni nikiwa nimechelewa wiki mbili. Mjomba hakunilaumu hata kwa neno moja, nami hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Nilipomweleza mwalimu wetu wa fizikia, alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza swali moja: "Ulihesabu injini inazunguka mara ngapi. Je, ulihesabu kila mzunguko unabeba mzigo gani?" Somo lote linalofuata ni jibu la swali hilo.

2. Gia hufanya kazi gani?

Msomaji mpenzi, yafaa tuanze na jambo moja ambalo watu wengi hawalijui: gia haitengenezi nguvu. Nguvu hutoka katika petroli peke yake. Gia ni kama mbadilisha fedha sokoni: umpe noti moja kubwa, akurudishie ndogo nyingi, lakini thamani ni ile ile, tena yeye hukata kidogo kwa kazi yake. Gia ndogo, yaani ya kwanza au ya pili, hukupa nguvu nyingi ya kusukuma tairi, lakini mwendo mdogo. Gia kubwa hukupa mwendo mwingi na msukumo mdogo. Kupata vyote viwili kwa pamoja haiwezekani.

Tazameni wale vijana wa baisikeli wanaoshuka kutoka Bugarama na mizigo ya ndizi. Wakirudi juu wengi wao hushika nyuma ya lori likawavuta. Kwa nini? Baisikeli zao hazina gia za kubadilisha, na mguu wa mtu hauwezi kusukuma mlima mrefu namna ile kwa uwiano mmoja tu uliowekwa kwa ajili ya tambarare. Hatari wanayoiingia, wengine hata kupoteza maisha, ni fundisho la kutosha kwamba uwiano usiofaa mlima hutafutiwa nguvu mahali pengine.

3. Jinsi ya kupima gia za pikipiki yako

Pikipiki ya mjomba ni ya Kihindi, ya silinda moja, sentimita za ujazo 100, gia nne, kama nyingi zitembeazo katika mji wetu. Meno ya mbele 14, ya nyuma 44. Tulisimamisha pikipiki juu ya stendi yake kubwa, injini ikiwa imezimwa na baridi, tukatoa plagi ili pistoni isisukumane na hewa iliyobanwa. Tukafungua kifuniko kidogo cha magneto, tukaizungusha krenki kwa spana, na kuhesabu: krenki izunguke mara ngapi ndipo tairi la nyuma litimize mzunguko mmoja? Majibu yalikuwa haya:

Gia ya kwanza: mara 37
Gia ya pili: mara 20
Gia ya tatu: mara 14.5
Gia ya nne: mara 11.2

Kwa meno 15 mbele, kila hesabu inazidishwa kwa 14 na kugawanywa kwa 15. Tunapata 34.5, 18.7, 13.5 na 10.5.

Kisha tukatia alama ya chaki juu ya tairi na chini, tukaisukuma pikipiki mpaka alama irudi chini tena. Tairi lilikwenda mita 1.86. Sasa twaweza kujua mizunguko ya injini bila kuwa na saa ya kuipima. Tuseme mwendo ni kilomita 45 kwa saa. Hizo ni mita 750 kwa dakika. Ukigawanya kwa 1.86, tairi linazunguka mara 403 kwa dakika. Basi katika gia ya nne injini inazunguka mara 4,500 hivi, katika ya tatu 5,850, na katika ya pili zaidi ya 8,000, ambapo inalia kama inayoomba msamaha. Kwa meno 15, gia ya nne inashuka kutoka 4,500 hadi 4,230. Mpaka hapa fundi alisema kweli.

4. Kwa nini mizunguko michache huokoa petroli

Kuna sababu mbili. Ya kwanza ni msuguano. Kila krenki inapozunguka, pistoni husugua silinda, valvu husukumwa dhidi ya springi zake, na mafuta ya injini huvurugwa. Kodi hii hulipwa kwa kila mzunguko, kuwe na abiria au kusiwe. Ukipunguza mizunguko, umepunguza kodi.

Ya pili ni pumzi ya injini. Unapokwenda polepole katika gia ndogo, mkono wa mafuta unaufungua kidogo tu, na njia ya hewa katika kabureta inakuwa nyembamba. Pistoni inalazimika kuvuta hewa kama mtu anayekunywa maji kwa mrija uliobanwa kwa vidole. Kazi hiyo ya kuvuta inalipiwa petroli, wala haimsogezi abiria hata hatua moja. Ukipanda gia kubwa kwa mwendo ule ule, utafungua mkono zaidi, mrija unapanuka, na injini inapumua vizuri.

Kwa hiyo katika tambarare, ukiwa na mzigo wa kawaida, gia kubwa ni rafiki wa tangi lako.

5. Kwa nini mizunguko michache mno hula petroli

Hapa ndipo nilipoteleza. Nilidhani kama kidogo ni kizuri, basi kidogo zaidi ni kizuri zaidi. La! Katika injini ya mipigo minne, ya aina aliyoitengeneza Nikolaus Otto huko Ujerumani mwaka 1876, silinda hupata mpigo mmoja wa moto katika kila mizunguko miwili ya krenki. Gari la silinda nne hupata mpigo mmoja kila nusu mzunguko, kwa hiyo mipigo yake hupokezana kama wapiga makasia. Pikipiki yetu ina mpiga kasia mmoja tu.

Injini ikizunguka mara 4,500, hupiga mara 37 hivi kwa sekunde. Ikishuka hadi 1,500 hupiga mara 12 na nusu tu. Kati ya pigo na pigo, mzigo unairudisha nyuma. Utasikia pikipiki ikitetemeka na mnyororo ukichapa. Dereva hufungua mkono wa mafuta mpaka mwisho, lakini hewa inapita polepole, petroli haichanganyiki nayo vizuri, na moto unakaa muda mrefu zaidi ndani ya silinda, ukipasha chuma joto badala ya kusukuma pistoni. Wakati mwingine mchanganyiko huwaka kwa kishindo kabla ya wakati wake. Ukisikia mlio wa kugonga kama wa misumari katika kopo, jua injini inaumia.

Halafu dereva, akiona pikipiki inataka kuzima, hubana klachi nusu nusu ili injini ipate mizunguko. Hapo ndipo petroli inapopotea kabisa: injini inazunguka, tairi halifuati, na tofauti yake inageuka moto katika sahani za klachi. Hiyo ndiyo harufu aliyorudi nayo mjomba.

6. Hesabu ya mlima

Mwalimu alinifundisha kuipima njia ya Bugarama kwa kalamu kabla ya kuipima kwa petroli. Bujumbura, pale ufukweni mwa Tanganyika, iko mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari. Bugarama iko zaidi ya mita 2,000. Njia ni kama kilomita 35.

Tuseme pikipiki, dereva na abiria wote pamoja ni kilo 240, nao wanapandishwa mita 1,300. Kazi ya kuwainua tu ni 240 × 9.8 × 1,300, yaani jouli milioni 3 hivi. Lita moja ya petroli ina jouli karibu milioni 32, lakini injini ndogo hugeuza kuwa kazi sehemu moja tu katika tano, nyingine zote zikienda na joto na moshi. Tunabaki na jouli milioni 6.4 kwa lita. Basi karibu nusu lita ni ya kuinua mzigo peke yake. Nusu lita hiyo ni deni la mlima. Hakuna gia, wala gurudumu la meno, wala ufundi wowote utakaoisamehe. Tunaloweza kuokoa ni lile linalozidi hapo.

Sasa tazameni mahali pakali, ambapo njia inapanda mita 8 katika kila mita 100. Kwa mwendo wa kilomita 30 kwa saa, kuinua mzigo kunataka wati 1,570. Ongeza upepo, matairi na mnyororo, wati kama 750. Jumla tunahitaji wati 2,300 hivi.

Je, injini inatoa ngapi? Nguvu ya kuzungusha ya injini ya aina hii ni kama nyutoni-mita 7 mkono ukiwa wazi kabisa. Kanuni ni hii: zidisha nyutoni-mita kwa mizunguko kwa dakika, gawanya kwa 9.55, utapata wati. Tena tukumbuke kwamba huko juu hewa ni nyepesi, kwa hiyo silinda inavuta hewa kidogo zaidi. Tuondoe sehemu moja katika nane. Kwa mwendo ule wa kilomita 30:

Meno 14, gia ya nne: mizunguko 3,010, wati 1,930. Haitoshi.
Meno 14, gia ya tatu: mizunguko 3,900, wati 2,500. Inatosha, na akiba kidogo.
Meno 15, gia ya tatu: mizunguko 3,630, wati 2,330. Iko ukingoni kabisa.

Nilipoandika mstari huo wa mwisho, kalamu ilisimama. Katika meno 14 mjomba alikuwa na gia ya kupandia, nayo ni ya tatu. Mimi nilimnyang'anya. Akikuta kona au upepo kidogo, mwendo unapungua. Mwendo ukipungua, mizunguko inapungua. Mizunguko ikipungua, wati zinapungua. Basi mwendo unapungua tena. Amebaki na mambo mawili: kubana klachi, au kushuka gia ya pili. Na katika gia ya pili, kwa meno 15, injini inazunguka mara 5,000. Tazama basi, ndugu yangu: gurudumu lile lililowekwa ili kupunguza mizunguko lilikuwa limeiongeza kutoka 3,900 hadi 5,000, mahali pale hasa ambapo petroli inaliwa zaidi.

7. Vipimo vyetu

Hesabu bila jaribio ni hadithi. Likizo iliyofuata nilimwomba mjomba ruhusa ya kupima, naye akakubali, ingawa tulingoja karibu wiki tatu mpaka tukapata petroli ya kutosha. Mwalimu alituazima chombo cha kioo cha maabara chenye alama za mililita. Njia yetu ilikuwa rahisi: pikipiki juu ya stendi mahali palipo sawa, tangi lijazwe mpaka alama ya shingoni, tuende safari, tukifika, tujaze tena mpaka alama ile ile, tukiandika mililita zilizoingia. Injini ilikuwa imezimwa na kupoa, wala hapakuwa na moto wala sigara karibu. Tulipanda sisi wawili, na kila safari tuliirudia mara mbili. Katika njia ya Gatumba tulikwenda na kurudi, ili upepo wa ziwani usimpendelee mtu.

Kwa kilomita 50 za tambarare tulipata hivi:

Meno 14, gia ya nne, kilomita 45 kwa saa: mililita 930
Meno 15, gia ya nne, kilomita 45 kwa saa: mililita 890
Meno 14, gia ya tatu, kilomita 45 kwa saa: mililita 1,070
Meno 14, gia ya nne, kilomita 60 kwa saa: mililita 1,150

Na kwa kupanda mpaka Bugarama, safari moja:

Meno 14: mililita 900
Meno 15: mililita 1,010

Hivi si vipimo vya kiwanda. Ni vya mtu na mjomba wake na chombo cha kioo. Hata hivyo vinasema wazi. Kwanza, katika tambarare meno 15 yaliokoa mililita 40, wala si sehemu moja katika kumi na tano kama nilivyoahidi, kwa sababu mizunguko ni kodi moja tu kati ya kodi nyingi. Upepo na matairi havijali una meno mangapi. Pili, kupanda Bugarama mara moja kulikula mililita 110 zaidi, yaani akiba ya karibu safari tatu za kilomita 50. Tatu, na hili ndilo lililomshangaza mjomba kuliko yote, kuongeza mwendo kutoka 45 hadi 60 kulikula mililita 220, zaidi ya mara tano ya zile zilizookolewa na gurudumu jipya. Ukinzani wa hewa huongezeka kwa mraba wa mwendo: kutoka 45 hadi 60 mwendo umeongezeka kwa theluthi moja, lakini ukinzani umekaribia kuwa mara 1.8.

8. Tufanye nini basi?

Mjomba aliniuliza, "Sasa nirudishe lile la zamani, au nibaki na hili?" Safari hii sikujibu upesi. Nilimpa daftari. Mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa wiki mbili aliandika kila safari: mahali, kilomita, mlima au tambarare. Tulipojumlisha tuliona kwamba safari za milimani zilikuwa tatu katika kila kumi, lakini zilikula karibu nusu ya petroli yote. Akarudisha meno 14. Jirani yake, ambaye hubeba watu wa Gatumba tu na hapandi mlima kamwe, alitia meno 15, naye amefanya vyema. Kwa hiyo mtu asiniulize, "Meno mangapi ni mazuri?" Aniulize, "Meno mangapi kwa njia yangu?"

Wale wanaotaka ushauri mfupi, mimi nasema hivi: mkono kwanza, gia ya pili yake, meno mwisho.

Mkono: nenda mwendo wa kati, wala usifungue na kufunga mafuta ovyo. Kila unapofunga breki, petroli uliyotumia kupata mwendo ule unaigeuza kuwa joto la breki.

Gia: katika tambarare panda gia mapema, ila injini isitetemeke. Ukifungua mkono na pikipiki haijibu, iko chini mno. Shuka gia moja. Mlimani shuka kabla injini haijachoka, si baada ya kuchoka. Klachi ni ya kuondokea na kubadilishia gia, si ya kupandia mlima.

Kushuka: wako wanaozima injini wakitoka Bugarama ili kuokoa petroli. Ni kweli wanaokoa kidogo, lakini uzito wote wameuachia breki, na breki zikipata joto hushika vibaya. Teremka na gia ile ambayo ungepandia. Petroli hiyo ndogo haifanani na uhai wa abiria.

Meno: kabla ya kubadilisha, hakikisha vitu vya bure vimekwisha kutazamwa, yaani matairi yana upepo wa kutosha, mnyororo una mafuta na haukukazwa mno, na breki hazishiki tairi zenyewe.

Nimalizie kwa neno kwa ajili yetu tunaosoma. Mtu asiyesoma akikosea, hukosea peke yake. Msomi akikosea, watu humfuata. Fundi yule alitoa maoni yake. Mimi ndiye niliyeyatia muhuri wa shule. Tangu siku ile, ndugu zangu wa nyumbani wakiniuliza jambo, najifunza kusema, "Ngoja nipime," wala sioni haya.

Na ninyi wanafunzi wa zamani wenye karakana, au wenye pikipiki katika njia za Rumonge, Gitega au ng'ambo ya Uvira, pimeni mlivyo navyo, mkatuandikie. Chombo cha kioo cha maabara bado kipo, na mwalimu amekubali kuazima.

Maswali kwa msomaji

(1) Pikipiki ya mjomba inakwenda kilomita 60 kwa saa katika gia ya nne, meno 14 mbele. Injini inazunguka mara ngapi kwa dakika?
(2) Tukiacha meno 14 mbele, tukabadilisha ya nyuma kutoka 44 kuwa 42, hesabu ya gia ya nne itakuwa ngapi badala ya 11.2?
(3) Dereva akipanda Bugarama bila abiria, jumla kilo 175, deni la mlima ni kiasi gani cha lita?

Majibu: (1) karibu 6,020, (2) 10.7, (3) karibu lita 0.35.

Mwanafunzi wa darasa la mwisho